Kabla hujashika mkasi: maua na vichaka vya nyumba unayopanga



Kama ulifika hapa Louisville kati ya Novemba na Machi, huenda ulikuta mbele ya nyumba yako vijiti vikavu visivyo na jani hata moja. Kwetu, mmea wa bustani unaokaa miezi mitano bila jani ni kuni. Kwa hiyo familia nyingi hufanya jambo ambalo mtu yeyote msafi angelifanya: wanaazima panga au jembe, wanang'oa vile vijiti, wanafagia, na nyumba inapendeza. Mwezi wa tano mwenye nyumba anapita, anauliza vichaka vyake vya maua viko wapi.

Kila mwaka, majira ya baridi yanapoisha, sisi makesiwoka tunapokea maswali ya namna mbili kuhusu jambo hili. La kwanza ni la familia iliyong'oa mimea hai ikidhani imekufa, na sasa mwenye nyumba anataka kukata pesa kwenye dipoziti. La pili ni la familia iliyokata matawi kwa nia njema, ikafanya kazi nzuri kabisa, lakini maua hayakutoka mwaka mzima wakati ya jirani yamejaa. Yote mawili yanazuilika. Mimea ya hapa inafuata kalenda ya baridi, na ukiijua kalenda hiyo, mkono wako uliozoea shamba utafanya mengine yote.

Anza na mkataba

Vichaka na miti iliyopandwa ardhini ni mali ya mwenye nyumba, hata kama wewe ndiye unayeimwagilia. Mikataba mingine humpa mpangaji kazi ya kukata nyasi na kupunguza vichaka. Mingine humkataza kugusa chochote. Mwombe kesiwoka wako au kijana wako anayesoma Kiingereza akusomee sehemu inayohusu uwanja wa nyumba. Kama mkataba hausemi, muulize mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo tu, ili jibu libaki limeandikwa.

Siku unayoingia, piga picha za uwanja wote kwa simu: mbele, nyuma na pembeni. Picha hizo hubeba tarehe. Ukija kuhama baada ya miaka miwili, hakuna atakayedai kwamba ulikuta vichaka kumi ukaacha vinne.

Usiache pia uwanja ugeuke pori. Miji mingi ya hapa ina sheria kuhusu urefu wa nyasi na kuhusu matawi yanayofunga njia ya waenda kwa miguu, na anayepuuza anaweza kuletewa barua na faini. Karatasi kama hiyo ikifika mlangoni, usiiweke kabatini. Tuletee siku hiyo hiyo.

Jaribio la kucha

Utajuaje kama kijiti kimekufa au kimelala? Kwaruza gome kidogo kwa kucha. Chini yake kukiwa na rangi ya kijani na unyevu, tawi ni zima. Kukiwa na rangi ya kahawia na ukavu, tawi hilo limekufa. Kabla ya kuhukumu mmea mzima, shuka chini ukajaribu karibu na shina, maana mara nyingi ncha hufa kwa baridi na sehemu ya chini ikabaki hai.

Kuna mimea inayochelewa sana kuamka. Mmoja huitwa hapa Rose of Sharon. Ni ndugu wa ile hibiskasi yenye maua mapana tuliyoizoea kwenye nyua za kwetu, ila huyu anavumilia theluji. Anaweza kukaa bila majani hadi Mei, wakati mimea mingine yote imeshavaa kijani. Mwingine ni krepu-mateli, mti mdogo wenye gome laini na maua ya waridi au mekundu wakati wa joto. Mwaka wa baridi kali sana, matawi yake yanaweza kufa mpaka chini, kisha yakachipua upya kutoka kwenye mizizi. Msiing'oe hii kabla ya mwezi wa sita.

Tawi la mwaka jana na tawi la mwaka huu

Hapa ndipo penye siri ya maua kutotoka. Kwetu hakuna baridi ya kugandisha. Ukikata ua wa minyaa au bogenvilia mwezi wowote, mradi kuna maji, unachipua. Hapa mmea una miezi michache tu ya kufanya kazi, kwa hiyo kila aina imejipangia namna yake ya kuandaa maua.

Kundi la kwanza huandaa matumba ya maua mwaka mmoja kabla. Matumba hayo hukaa kwenye matawi majira yote ya baridi, yamefungwa, yakingoja joto. Ukikata matawi hayo Februari au Machi, umeyatupa maua ya mwaka mzima. Katika kundi hili wamo forsithia, ile inayojaa maua ya njano kabla ya majani kutoka, lailaki yenye harufu nzuri na rangi ya zambarau, azalea, na haidrenjia ile ya majani mapana, yenye vichwa vikubwa vya maua ya buluu au ya waridi. Mimea hii ikatwe mara tu maua yake yanapomaliza kunyauka. Ukichelewa mpaka Agosti, imeshaanza kuandaa maua ya mwaka unaofuata.

Kundi la pili huchanua kwenye matawi mapya yanayoota mwaka huu huu. Humo wamo Rose of Sharon, krepu-mateli, mawaridi mengi yanayochanua mara kwa mara, na haidrenjia zenye maua meupe, za vichwa vya mviringo au vilivyochongoka kama pia. Hii inapogolewa mwisho wa baridi, kabla ya majani kutoka. Ukikata vizuri wakati huo, inaota matawi mapya yenye nguvu na maua yanaongezeka.

Kama hujui mmea wako ni wa kundi gani, fuata kanuni hii rahisi: usikate mwaka wa kwanza. Utazame. Ukichanua kabla ya katikati ya Juni, upogoe baada ya maua. Ukichanua baada ya hapo, upogoe mwisho wa baridi. Haidrenjia ya buluu na ya waridi ndiyo inayovunja kanuni: inaweza kuchanua Juni au Julai, lakini kwa tawi la mwaka jana. Hiyo usiiguse mwisho wa baridi. Ngoja Mei, majani yanapoonekana, uondoe vijiti vilivyokufa tu.

Kwa mawaridi, wakulima wa bustani wa hapa wana alama nzuri: forsithia ikiwa ya njano mtaani, waridi liko tayari kupogolewa. Sisi tuliofundishwa na wazazi kupanda kwa kutazama mvua na miti tunaielewa lugha hiyo vizuri.

Namna ya kukata

Panga libaki kwa kazi nyingine. Panga huchana gome, na jeraha lililochanika huingiza ugonjwa. Tumia mkasi wa kupogolea, ule mfupi wenye springi. Kwa tawi nene kuliko kidole gumba tumia mkasi wa mikono mirefu au msumeno. Futa makali kwa spiriti unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, hasa kwenye mawaridi.

Anza na mambo matatu ambayo hayana hasara: ondoa tawi lililokufa, lenye ugonjwa, na linalosuguana na jingine. Mara nyingi kazi huishia hapo. Ukitaka kupunguza zaidi, usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mwaka mmoja.

Kila unapokata, tafuta jicho, yaani kile kichipukizi kidogo kwenye tawi, linalotazama nje ya kichaka. Kata juu yake kidogo, kama nusu sentimeta, kwa mshazari. Tawi jipya litafuata upande jicho lilikotazama, na katikati ya kichaka patapata hewa na mwanga. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza. Kwa kichaka kizee kilichosongamana, ondoa matawi machache manene kutoka chini kabisa badala ya kunyoa juu tu. Kunyoa juu huacha kofia ya majani na miguu mitupu.

Kumbuka mambo mawili zaidi. Kwanza, usipogoe mwisho wa Agosti mpaka Oktoba. Mmea utatoa machipukizi mapya, laini, na baridi itayaua kabla hayajakomaa. Pili, mimea yenye majani mwaka mzima haifanani. Ile ya aina ya mierezi, iliyopandwa kama ukuta kati ya nyumba na nyumba, haichipui tena ukikata mpaka kwenye sehemu isiyo na majani. Punguza ncha za kijani tu; ukipita hapo, shimo litabaki.

Mimea ya kwetu, ambayo hapa ndiyo mgeni

Wengi mnauliza: naweza kupanda mgomba? Hibiskasi? Bogenvilia? Jibu ni ndiyo, ila lazima ujue wenyewe wanatoka wapi. Wizara ya Kilimo ya Marekani imeigawa nchi katika maeneo 13 kwa kipimo cha baridi kali ya kawaida ya kila mwaka, na ramani hiyo ilisahihishwa mwaka 2023. Sehemu kubwa ya Kentucky iko eneo la 6 na la 7, yaani baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10 za Fahrenheit, ambazo ni kama 12 chini ya sifuri kwa Celsius. Kibao cha mmea dukani huonyesha namba za maeneo yake. Ukiona namba zinaanzia 9 au 10, mmea huo utakufa nje wakati wa baridi. Mpande kwenye chungu chenye matundu chini, umuingize ndani.

Utamtoa lini? Watu wa Louisville husema usipande vitu vinavyoogopa baridi kabla ya mbio za farasi za Kentucky Derby, ambazo hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei. Ni kanuni nzuri. Usimuweke juani siku ya kwanza. Mpe wiki moja kivulini, la sivyo majani yataungua. Utamuingiza usiku unapoanza kushuka chini ya digrii 50, sawa na 10 za Celsius. Usingoje umande ugande. Kabla ya kumuingiza, osha majani kwa maji, juu na chini, maana wadudu weupe na vidukari hujificha humo na ndani ya nyumba huzaana haraka.

Ndani, muweke kwenye dirisha linalotazama kusini. Kwetu jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo hatukuzoea kujali dirisha linatazama wapi. Hapa, wakati wa baridi, jua hupita chini upande wa kusini siku nzima. Punguza maji. Hibiskasi itageuza majani kuwa ya njano na kuyaangusha. Bogenvilia inaweza kubaki vijiti. Usiogope. Mwishoni mwa Februari au Machi, kata kama theluthi moja, kwa sababu zote mbili huchanua kwenye tawi jipya, kisha ongeza maji na mbolea kidogo kadiri siku zinavyorefuka.

Mgomba upo mmoja unaovumilia: ule wa Kijapani, unaouzwa kwa jina Musa basjoo. Matunda yake hayaliwi, na mara nyingi baridi hufika kabla haujazaa, lakini uwanja wako utapata majani mapana unayoyajua. Baridi ikishaua majani, kata shina libaki kimo cha goti, lirundikie majani makavu au nyasi kavu, uzungushie wavu wa waya. Majira ya kuchipua, fungua. Maua ya kana nayo ni rahisi: majani yakishaunguzwa na baridi ya kwanza, chimba viazi vyake, vikaushe kidogo, uviweke mahali pakavu pasipoganda mpaka Mei.

Anayekaa ghorofani asikate tamaa. Vyungu viwili kwenye baraza vinatosha, ila soma mkataba, na usiweke chungu kwenye ngazi au njia ya kutokea moto ukiwaka.

Kuna onyo moja. Ndugu anaposafiri kutoka nyumbani, asifiche mbegu, vijiti vya muhogo wala miche kwenye sanduku. Mimea na mbegu zote lazima zitangazwe kwa maofisa wa mpakani, na nyingi zinahitaji kibali. Anayeficha anaweza kutozwa faini. Ukiwa bado unangoja makaratasi yako, huhitaji matatizo kwa ajili ya mche.

Mimea ya kuogopa

Watoto wetu wamelelewa kuchuma matunda ya porini njiani, na mama zetu kuchuma mboga ya mwitu. Hapa desturi hiyo inaweza kuleta msiba. Wafundisheni watoto wasile tunda lolote la uwanjani bila kuuliza.

Kichaka cha yew hupandwa mbele ya nyumba nyingi. Kina majani membamba ya kijani kizito na vitunda vyekundu vinavyovutia. Majani na mbegu zake ni sumu kali. Pokeweed huota yenyewe kwenye uzio. Una shina la rangi ya zambarau na vishada vya matunda meusi, na majani yake machanga yanaweza kumdanganya mtu anayetafuta lenga-lenga. Mmea wote una sumu, na mizizi imezidi. Mbarika, tunaoujua vizuri kwa mbegu zake zenye madoa, hapa watu huupanda kama ua. Mbegu hizo ni hatari vilevile hapa kama kule.

Mmea mwingine hatukuuzoea kabisa: poison ivy. Huota chini au hupanda juu ya miti, na shina lake kuukuu huwa na nywele. Kila jani lina vijani vitatu, na cha katikati kina kikonyo kirefu kuliko viwili vya pembeni. Mafuta yake yakigusa ngozi, huleta upele na malengelenge yanayowasha kwa wiki mbili au zaidi. Hata wakati wa baridi, usipokuwa na majani, shina lina mafuta hayo. Ukiugusa, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, ufue nguo na kuosha vifaa. Usiuchome moto kamwe. Kwetu takataka za shamba huchomwa, lakini moshi wa mmea huu huingia mapafuni na unaweza kumlaza mtu hospitalini.

Mtoto akila mmea usioujua, piga 1-800-222-1222, ni huduma ya sumu ya nchi nzima, bure, usiku na mchana. Sema "Swahili" utafutiwe mkalimani. Kama hapumui vizuri au amezimia, piga 911.

Na kabla ya kuchimba shimo, hata la kupanda waridi moja, piga 811 siku chache za kazi kabla, au mwombe mwenye nyumba apige. Watakuja bure kuweka alama mahali mabomba ya gesi na nyaya zinapopita chini ya ardhi. Matawi yaliyogusa nyaya za umeme juu si kazi yako wala ya mwanao. Mjulishe mwenye nyumba.

Pa kuuliza

Kila kaunti ya Kentucky, na ziko 120, ina ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Kentucky, mfano wa bwana shamba wa kule nyumbani. Wapelekee tawi lenye jani na ua ndani ya mfuko wa plastiki, au picha kwenye simu, watakuambia ni mmea gani na ukatwe lini. Wanapima pia udongo. Hawaulizi karatasi za uhamiaji.

Nasema haya yote si kwa ajili ya dipoziti tu. Mama mmoja tunayemhudumia alilima maisha yake yote, Kongo na kambini Nyarugusu. Hapa alijikuta mtu wa kusomewa barua na kuongozwa hospitalini na wajukuu. Mwaka wa pili alijifunza kupogoa mawaridi manne yaliyo mbele ya nyumba yake. Jirani, Mmarekani mzee, alimwita kwa ishara aje kumwonyesha pa kukata kwenye ya kwake. Hawana lugha moja, lakini mkasi wanapokezana. Wazee wetu wanajua kazi ya udongo kuliko wengi wa mtaani hapa. Wanachokosa ni kalenda tu. Wasomeeni makala hii kwa sauti, muiache mikasi mikononi mwao.

Mwezi huu, kabla hujakata chochote, fanya mambo matatu: piga picha, kwaruza gome kwa kucha, na uulize huo mmea huchanua lini. Kama hujapata jibu, lete tawi ofisini kwetu. Tutatazama pamoja.